Mama mdogo alivyoaga Kigongo Feri: kisa cha kazi isiyokuwa na barua

Kuna kaunta buku moja la kwaya mbili, jalada lake limeshiba mafuta mpaka limelainika kama ngozi, mama mdogo wangu alikuwa analiweka chini ya beseni la samaki pale Kigongo Feri. Ukilifungua hukuti majina ya kawaida. Utakuta "Konda wa Bukoba mwenye pengo", "Fuso la mananasi", "Kijana wa kamba", "Mwalimu Sengerema wa Jumatatu", "Mama Pacha ng'ambo", na mbele ya kila mmoja kuna hela anayodaiwa, 3,000, 6,500, 12,000, nyingine zimekatwa kwa peni nyekundu nyingine bado. Naanza na hilo daftari kwasababu wanaoniuliza mama mdogo aliagaje sehemu aliyouza samaki miaka 18, mpaka daraja lilipokuja kuchukua nafasi ya kivuko, wanategemea niwaambie habari za sherehe au machozi, na ukweli ni kwamba aliaga kwa daftari, mtu mmoja mmoja. Nimekitafakari sana hiki kisa, nimeongea naye jioni nyingi, na naona kuna mambo ambayo yeyote anayekaribia kuondoka kwenye kazi ya namna ile angepaswa kuyajua mapema. Naandika kwa ruhusa yake, na hata pale nitakaposema alikosea ameshasikia kwa mdomo wangu.

Kwa ambaye hajawahi kupita, Kigongo iko upande wa Misungwi, Busisi iko upande wa Sengerema, katikati ni Ghuba ya Mwanza, ule mkono wa Ziwa Victoria unaoingia nchi kavu kuelekea kusini. Barabara ya kutoka Usagara kwenda Sengerema, Geita, hadi Kagera na mipaka ya Rwanda na Burundi ilikuwa inakatikia pale majini, kila gari lazima lipande kivuko. Majini kwenyewe ni kama nusu saa, shida ilikuwa foleni, unaweza kukaa saa moja, mawili, na siku za sikukuu au ziwa likichafuka ni zaidi ya hapo. Watu wanashuka kwenye basi wananyoosha miguu, watoto wanalia njaa, madereva wa malori wamelala chini ya gari, na hapo ndo anapoingia mama mdogo na sinia lake.

Alianza 2007 na trei moja ya mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye karatasi. Baadae karanga, baadae maji, mpaka akafika kwenye sato wa kukaanga ambao ndo waliomtambulisha, maana alikuwa na namna yake: anampasua mgongoni siyo tumboni, anamchanja mistari ya karibu karibu, anamsugua limao na chumvi anamuacha kwenye ungo apigwe upepo mpaka ngozi ikauke ndo anamtia kwenye mafuta, kwahiyo hata akikaa masaa matatu kwenye sinia anabaki mkavu, hanyong'onyei. Pembeni pilipili ya kusaga na kachumbari kwenye kimfuko. Asubuhi anachukua mzigo kwa wavuvi palepale mwaloni, mchana anakaanga, usiku anahesabu. Kwa hiyo kazi amesomesha watoto watatu na kujenga nyumba ya vyumba vinne, na mimi mwenyewe ada ya kidato cha tano na sita ilitoka kwenye lile beseni.

Sasa niseme kitu ambacho naona ndo kiini cha kisa chote, na yeye mwenyewe alikuja kukielewa akiwa ameshachelewa. Alikuwa anaamini anauza samaki. Samaki walikuwa wazuri, hilo halina ubishi, lakini kilichokuwa kinamletea mteja ni kusubiri. Mtu mwenye saa mbili za kukaa hana pa kwenda, ana njaa, hela ipo mfukoni, huyo atanunua. Yani bidhaa ya kwanza pale ilikuwa muda wa watu, na huo muda haukuwa wa mama mdogo, ulikuwa wa foleni, foleni ikiondoka inaondoka nao. Nimeona hili kwa watu wengi, mwenye genge nje ya kiwanda, mwenye stationari kwenye geti la chuo, anasema "wateja wangu" kumbe ni wateja wa geti.

Na hakuna aliyeshtukizwa. Jiwe la msingi la daraja la Kigongo–Busisi liliwekwa na Rais Magufuli tarehe 7 Desemba 2019, mwaka uliofuata ujenzi ukaanza, na daraja lilifunguliwa na Rais Samia tarehe 19 Juni 2025. Ni miaka mitano na nusu ya kuona nguzo zinaota majini moja baada ya nyingine mbele ya macho yako. Daraja lina urefu wa kilometa 3, limegharimu zaidi ya shilingi bilioni 700, kitu kikubwa namna hiyo hakijifichi. Kwanini basi hakujiandaa? Hapa watu wanamhukumu haraka, wanasema mama zetu hawana mipango, na mimi siwakubalii hata kidogo. Ukikaa naye ukamsikiliza utaelewa kwamba ile miaka ya ujenzi ndo ilikuwa miaka yake mizuri kuliko yote. Vibarua wa daraja, mafundi wa nondo, madereva wa tipa, wote walikuwa wanakula kwake, tena wengi kwa mkopo wa mpaka mwisho wa wiki, ndo maana daftari likanenepa. Alikuwa anakaanga samaki 25 kwa siku akafika 60. Kitu kilichokuwa kinakuja kufunga kazi yake ndo hichohicho kilichokuwa kinamlisha, na mtu akiwa ameshiba ni ngumu sana kumwambia kesho kuna njaa, hata angekuwa profesa.

Halafu lingine, hakuweza kulichukia daraja. Mama yangu mzazi, ambaye ni dada yake, aliwahi kupewa rufaa usiku kutoka Sengerema kuja Bugando, presha imepanda mdomo umeshaanza kwenda upande, gari la wagonjwa likafika Busisi wakakuta kivuko kiko ng'ambo ya Kigongo. Gari la wagonjwa linapewa nafasi ya kwanza, sawa, lakini kama chombo hakipo utaipanda wapi hiyo nafasi ya kwanza. Mama mdogo alikuwa Kigongo siku hiyo, anaona taa za gari zinawaka upande wa pili wa maji, anajua ndani yake kuna dada yake, na hana cha kufanya. Mama alipona, anatembea na fimbo. Toka siku hiyo kila mtu akilalamika pale feri kwamba daraja litatuua njaa, mama mdogo anamjibu "we sema yote, lakini hizo taa mimi nimeziona." Kwahiyo alikuwa na mioyo miwili, anaombea daraja liishe na anaombea lisiishe, nadhani mtu wa hivyo hapangi, anaishi tu siku baada ya siku.

Kosa lenyewe, na hili nalisema wazi, alilifanya Februari 2025. Alichukua kausha damu, ule mkopo wa mtaani wa riba kali, ya 600,000 akanunua friza la pili na viti vya plastiki kumi. Hesabu yake ilikuwa kwamba siku ya uzinduzi watajaa watu, na baada ya hapo watakuja watalii wa kuangalia daraja. Siku ya uzinduzi kweli walijaa, aliuza mpaka mafuta yakaisha. Baada ya hapo gari zikawa zinapita juu, dakika tano hazifiki ziko Sengerema, na rejesho la kila wiki halijui kama feri ipo au haipo. Ameuza friza lile kwa hasara. Mkopo wa kupanua biashara kwenye sehemu unayojua ina miezi minne ya kuishi ni kujifunga jiwe, na kinachoniuma ni kwamba ulikuwepo mlango mwingine, mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, haina riba, ila inataka kikundi na makaratasi na uvumilivu, wakati kausha damu wanakupa siku hiyohiyo ukiwa umesimama. Mikopo ya halmashauri ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na pale feri wengi walikuwa bado wanajua imekufa. Hilo ni jambo la taarifa tu, mtu mmoja mwenye simu angeweza kuwaambia, na huyo mtu mmoja ningeweza kuwa mimi.

Sasa tuje kwenye kuaga kwenyewe.

Mtu aliyeajiriwa ana utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema kama unalipwa kwa mwezi mwajiri akupe notisi isiyopungua siku 28, kama ni kwa siku au wiki basi siku 4, na kama umefanya zaidi ya mwaka na unapunguzwa kazini unalipwa kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na unapewa cheti cha utumishi. Unaweza kulalamika kwamba ni kidogo, ila kuna karatasi, kuna tarehe, kuna mtu anakwambia umefanya kazi hapa na sasa basi. Mama mdogo miaka 18 hana karatasi hata moja inayosema alikuwepo Kigongo, ukitoa kile kitambulisho cha mjasiriamali cha 20,000 cha enzi za Magufuli ambacho mpaka leo kiko kwenye pochi yake kimefutika sura. Hakuna wa kumuaga. Na ukikosa wa kukuaga mara nyingi huagi, unaendelea kuja mpaka siku unajikuta hauji tena, na hiyo inakaa moyoni vibaya. Wenzake wengi waliondoka hivyo.

Kitu kilichomuokoa kilianzia kwa binti aliyekuwa anamsaidia. Binti wa watu, toka Misasi, alikuja ana miaka 19 akakaa miaka sita, anaosha samaki anakimbiza sinia. Mwezi wa nne mama mdogo alimkalisha chini jioni akamwambia mwanangu, hapa tunaondoka, sijui mimi nitaenda wapi kwahiyo siwezi kukuahidi kitu, anza kuangalia mbele. Miezi miwili kabla. Alipofika mwisho akampa jiko moja la mkaa, kikaango kikubwa, beseni mbili, na 80,000. Nilipomuuliza nani alikwambia ufanye hivyo akanishangaa, akasema "huyu ameacha kwao akaja kunitafutia hela, nitamuachaje hivihivi?" Mtu ambaye hakupewa notisi na yeyote alitoa notisi ndefu kuliko ambayo sheria ingemdai. Na binti ndo aliyemuuliza lile swali, wakiwa wanafunga vyombo: "Mama, na hawa wa kwenye daftari je?"

Kwahiyo wiki tatu za mwisho mama mdogo aliamua kufunga daftari. Siyo kudai tu. Alikuwa anabeba lile kaunta buku kwapani, anamfuata mtu mmoja mmoja, anafungua ukurasa, anamuonyesha. Kuna waliolipa palepale. Konda wa Bukoba alilipa 12,000 yake akaongeza 10,000 ya vocha na akamuandikia namba ya simu kwenye ukurasa wake mwenyewe, pembeni ya deni. Kijana wa kamba, yule aliyekuwa anafunga kamba za kivuko kikitia nanga, hakuwa na hela, alimwambia mama mshahara ukitoka, na ulipotoka kweli akaja. Fuso la mananasi alilipa kwa mananasi. Kuna ambao aliwaona hawana, akachukua peni nyekundu akakata mbele ya macho yao, akamwambia hilo limeisha, tusije tukakimbiana barabarani. Na kuna madeni yake yeye, maana na yeye alikuwa anadaiwa, mvuvi mmoja alimdai mzigo wa siku mbili, na Mama Pacha ng'ambo alimkopesha mafuta ndoo nzima toka Pasaka. Siku ya kumlipa huyo Mama Pacha alipanda kivuko kama abiria, akasimama pembeni ya reli na bahasha kwenye khanga akaenda Busisi kulipa, wakanywa chai na Mama Pacha, wakarudishiana vyombo, akarudi na kivuko cha jioni. Aliniambia ndani ya kile chombo ndo alilia, siyo siku ya mwisho, kwasababu ilikuwa mara ya kwanza anaiona Kigongo kutoka majini kwa muda wa kutosha, moshi wa majiko unapanda, na akaona meza yake ilivyo ndogo.

Siku ya mwisho yenyewe haina mengi. Alikaanga kama kawaida, walibaki samaki tisa akawagawa, akafagia pale alipokuwa anakaa, akamwagia maji jivu likalala, akaondoka na bodaboda kabla giza halijaingia.

Kwa maoni yangu lile zoezi la daftari ndo jambo bora alilofanya kwenye kisa chote, na nasema hivyo siyo kwa ajili ya hela, hela alikusanya kama 140,000 tu na nyingi zililipa rejesho. Ni kwasababu kila alipofungua ukurasa alikuwa anatenganisha wateja wa foleni na wateja wake. Yule aliyenunua mara moja akapita hayupo kwenye daftari. Mtu wa kwenye daftari ni yule aliyemuamini naye akamuamini, anajulikana kwa pengo lake na mananasi yake, na huyo anaweza kuhama naye. Alimaliza wiki tatu akiwa na namba za simu 31. Hakuwahi kuwa nazo, miaka 18 hakuzihitaji maana watu walikuwa wanakuja wenyewe.

Pamoja na hayo bado aliteleza. Mwezi wa kwanza baada ya daraja alienda kuweka meza pembeni ya barabara ya maungio, upande wa Kigongo, akiamini gari zitapunguza mwendo zikifika darajani. Hazikupunguza. Wiki mbili anarudi na samaki nyumbani, anawachemsha familia inakula, mafuta ya jana yanakaangiwa tena leo. Nilienda Jumamosi moja nikakaa naye pale kwenye jua toka saa nne mpaka saa tisa, tuliuza samaki wawili. Nikamwambia shikamoo mama mdogo, naomba nikuulize kitu usinikasirikie, gari zinasimama wapi sasa hivi? Akanyamaza muda mrefu. Akasema Usagara. Nikamwambia tupige simu.

Usagara ndo njia panda, gari za Geita na Sengerema zinakutana na barabara kuu ya Shinyanga, abiria wanashuka wanabadilisha gari, malori yanapaki. Tulianza na Konda wa Bukoba, akasema mama nikija na abiria nashusha hapo dakika kumi, uwepo. Tukapiga kwa Fuso la mananasi, tukapiga kwa dereva wa lori la saruji, tukapiga namba zote 31, nyingine hazipatikani, nyingine watu walishahama kazi, ila kumi na nne walisema watapita. Kwa hao kumi na nne alipata ujasiri wa kulipia meza. Samaki bado wanatoka kwa wavuvi walewale wa Kigongo, wanaletwa na bodaboda asubuhi, maana ziwa halikuhamishwa na daraja. Anakaanga 30 kwa siku, siyo 60, na nauli ya boda inakula faida, kwahiyo sitaki mtu aone kama mambo yamenyooka. Dakika kumi siyo saa mbili. Imebidi abadilishe kila kitu, samaki awe ameshafungwa tayari, chenji iwe mkononi, bei iwe ya noti moja. Na wapo mama watano pale Usagara, wawili walitoka feri kama yeye, wameandika kikundi na fomu ya halmashauri wameshapeleka.

Ningependa angekuwa ameanza zoezi lile mapema, siyo wiki tatu, miaka mitatu, toka nguzo za kwanza ziliposimama, kila mteja wa mkopo aandikiwe na namba yake. Ningependa asingechukua ile 600,000. Na ningependa sisi watoto tuliosomeshwa na lile beseni tungekaa naye mapema tukamuuliza lile swali la gari zinasimama wapi, kwasababu halikuhitaji shahada, lilihitaji mtu wa kukaa naye juani.

Kaunta buku la zamani sasa hivi liko kwangu, amenipa nitunze. Zimebaki kurasa tatu ambazo hazijakatwa, na moja ni ya Mwalimu Sengerema wa Jumatatu, 4,500, samaki mmoja na soda. Huyu alikuwa anavuka kila Jumatatu alfajiri na begi la madaftari ya wanafunzi, anasahihisha kwenye benchi la mama mdogo akisubiri kivuko, na zile wiki tatu hakutokea, huenda ilikuwa likizo. Mama mdogo kila nikienda ananiuliza kama nimesikia habari zake. Hela ameshaisamehe, alisema nikate tu, mimi nimeacha kwanza. Mwalimu, kama ni wewe unasoma hapa, yuko Usagara, ukishuka kwenye gari la Geita angalia upande wanapopaki malori, meza yenye mwavuli wa bluu, mwambie tu umefika.